Kukaa Pembeni mwa Mji: Faida na Hasara Zake

Mfanyakazi wa Nairobi akiisha kuoa na kupata watoto hufikiwa na swali lisilokwepeka. Je, aendelee kupanga vyumba mjini, au ahamie pembeni, kama vile Rongai, Kitengela, Ruiru au Juja, akanunue kiwanja na kujenga? Wengi hulijibu swali hili kwa haraka, kwa kuwa wamemwona mwenzao amehama nao hawataki kubaki nyuma. Walakini jambo hili laweza kula akiba ya miaka ishirini. Basi yafaa lipimwe kwa mizani.

Zamani swali hili halikuwasumbua watu wengi. Mji wa Nairobi ulianza mwaka 1899 kuwa kituo cha reli, na kwa miaka mingi mfanyakazi Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni wa muda tu, mwenye kwao mbali. Nyumba za mitaa kama Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, zilikuwa za kupanga, na aghalabu aliyemaliza kazi alirudi kijijini. Siku hizi mambo yamegeuka. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilikuta watu 687,312 katika Kajiado. Ile ya 2019 ikakuta 1,117,840. Kiambu nayo ilipanda kutoka 1,623,282 hadi 2,417,735. Hapana shaka si wote waliozaliwa huko. Wengi walifuata viwanja na nyumba za kodi nafuu.

Faida ya kwanza ni kumiliki. Kodi ya nyumba ni fedha zisizorudi, na mpangaji aliyelipa miaka thelathini hana hata tofali moja la kuwaachia wanawe. Mwenye nyumba yake, hata ikiwa ya vyumba viwili visivyopigwa lipu, siku ya kustaafu hababaiki. Faida ya pili ni nafasi. Katika kiwanja cha futi 50 kwa 100 familia yaweza kupanda sukuma wiki, kufuga kuku na kuweka tangi la maji ya mvua, na watoto hupata mahali pa kucheza pasipokuwa ngazi za ghorofa. Faida ya tatu ni kwamba njia zimetengenezwa. Barabara ya Thika ilikamilishwa kupanuliwa mwaka 2012, na mwaka huo huo kituo cha gari la moshi cha Syokimau kilifunguliwa. Mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ingawa apitaye humo hulipa ada.

Sasa tuugeukie upande wa pili wa mizani, ambao wauzaji wa viwanja hawauandiki katika matangazo yao.

Jambo la kwanza ni saa. Tuseme karani anatumia saa mbili kwenda kazini na saa mbili kurudi, kama itokeavyo mvua inyeshapo na magari yakasongamana. Hizo ni saa nne kwa siku. Kwa siku ishirini za kazi ni saa themanini, yaani sawa na siku kumi za kazi za saa nane. Mtu huyu hufanya kazi mwezi mmoja na nusu kila mwezi, na hiyo nusu hakuna ailipaye. Huondoka saa kumi na moja alfajiri watoto wakiwa wamelala, akarudi saa tatu usiku wakiwa wamelala tena. Baba wa namna hii huwajengea watoto nyumba, nao humjua siku ya Jumapili tu. Hasara hii haionekani katika daftari la masurufu, lakini ndiyo kubwa kuliko zote.

Pili, nafuu ya kodi yaweza kuliwa na mambo mengine. Nauli ya matatu hupanda siku ya mvua. Maji ya bomba hayafiki kila mahali, ikabidi kununua ya lori au ya kisima kirefu, na maji ya visima vingi vya Kajiado yana madini ya floraidi ambayo yakizidi huharibu meno ya watoto. Sehemu nyingi za Kitengela na Syokimau zina udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Mwenye kujenga juu yake sharti achimbe msingi wa kina, la sivyo kuta zitafanya nyufa. Aliyepanga fedha zake kwa hesabu ya udongo mwekundu wa Kiambu atakwama kabla hajafika kwenye linta.

Tatu, na hili ndilo la hatari zaidi, ni hati. Mwezi wa Novemba 2011 nyumba nyingi za Syokimau zilibomolewa kwa kuwa ardhi ile ilidaiwa kuwa ya uwanja wa ndege. Mwezi wa Oktoba 2023 mambo kama hayo yalitokea Mavoko, katika ardhi ya kiwanda cha saruji. Wengi waliobomolewa walikuwa wamelipa fedha halali na kushika karatasi mikononi. Karatasi si hati, na hati si salama mpaka ipekuliwe katika ofisi ya ardhi. Tena, kwa sheria ya mwaka 1967, uuzaji wa shamba katika sehemu zinazosimamiwa na bodi ya ardhi huwa batili bodi hiyo isipokubali.

Mkulima naye asidhani kwamba mashauri haya ni ya makarani peke yao. Kila kiwanja cha karani kilikuwa shamba la mtu au malisho ya mtu. Karibu na Ruiru, mahali palipokuwa na mibuni sasa pana mabati. Katika nyanda za Kitengela, ua za waya zimewafungia njia nyumbu waliokuwa wakitoka katika mbuga ya Nairobi, na ng'ombe wa Wamasai hawapiti walipopita zamani. Mwenye kuuza ekari hupata fedha nyingi kwa siku moja, lakini fedha hazizai mahindi mwaka ujao. Aliyeuza sehemu, akajenga nyumba za kupangisha katika sehemu iliyobaki, amefanya busara. Aliyeuza yote akanunua gari, gari litachakaa, na wanawe watakuwa wapangaji juu ya ardhi ya babu yao.

Basi, ni lipi lililo bora? Aliye na kazi karibu na stesheni, au ambaye kazi yake haimlazimu kufika mjini kila siku, pembeni patamfaa. Aliye na watoto wadogo na kazi ya katikati ya mji, pengine vyumba viwili mjini kwa miaka michache ni heri kuliko vinne asivyoviona mchana. Kwa hali yoyote, asinunue kwa kutazama picha. Apange kwanza huko huko anakotaka kujenga, akae msimu mmoja wa masika, apande matatu ya alfajiri, aonje maji na kuwajua majirani. Tena amwulize mkewe kabla ya kumwuliza dalali, kwa maana aghalabu mke ndiye atakayelinda mtungi wa maji na kumpeleka mtoto mgonjwa zahanati usiku. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini kabla hajainama, na aangalie kwanza kama kilichomo mvunguni ni chake.