Wekundu wa Jicho Si Ugonjwa Mmoja



Wengi wetu tunakumbuka Januari 2024, Wizara ya Afya ilipotangaza mlipuko wa macho mekundu unaosababishwa na virusi. Dar es Salaam iliguswa mapema, na Kariakoo kujikinga kulikuwa kugumu. Mtaa wa Congo watu hupita bega kwa bega, noti moja hushikwa na mikono mingi kabla ya jua kuzama, na mchuuzi hawezi kufunga biashara wiki nzima kwa sababu ya jicho linalowasha. Kila mtu akawa daktari. Huyu alishauri maji ya chai, yule chumvi, mwingine maziwa ya mama, mwingine matone yaliyobaki kwa jirani.

Siku hizo sisi mafrateri tulikuwa tukitembelea jumuiya ndogondogo za Kikristo, tukamkuta mama mmoja muuza vitenge, jicho lake la kulia limeiva. Majirani walimwambia, "Mama, ni haya haya ya mjini, yatapita." Lakini jicho lile lilikuwa na historia. Miaka miwili kabla alipandikizwa konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, baada ya konea yake kupata kovu. Sasa mwanga ulimchoma na aliona ukungu. Binti yake alikataa matone ya dukani, akampeleka kliniki ya macho siku hiyo hiyo.

Daktari aliwaeleza kwamba virusi vya mama havikuwa vya mlipuko. Vilikuwa vya herpesi, vile vile vilivyoleta kovu la kwanza. Virusi hivyo haviondoki mwilini. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu ya uso, na vinaweza kuamka baada ya miaka na kushambulia konea mpya. Tena, aliyepandikizwa hutumia matone ya steroidi ili mwili usiikatae konea ya mwenzake, nayo matone hayo hupunguza ulinzi wa jicho. Kwa hiyo daktari hupima pande mbili: akipunguza mno, konea inaweza kukataliwa, akiongeza bila dawa ya kuzuia virusi, kama asiklovia, virusi hupata nafasi. Uamuzi huo haufanyiki dirishani pa duka la dawa.

Mama yule alitibiwa kwa wiki nyingi. Leo anauza vitenge vyake, ingawa ukungu kidogo umebaki.

Darasani tunafundishwa kwamba tokeo moja laweza kuwa na sababu nyingi. Wekundu ni ishara tu. Haujitaji chanzo chake. Mtakatifu Thoma wa Akwino anauhesabu utayari wa kufundishwa kuwa sehemu ya busara, kwa kuwa hakuna anayeweza kuyajua yote peke yake. Binti yule hakusoma falsafa, lakini alijua ni nani wa kuulizwa.

Lipo na jambo la shukrani. Konea ya mama ilitoka kwa marehemu asiyemfahamu. Tarehe 14 Mei 1956, Papa Pius XII alizungumza na watoaji wa konea wa Italia, akafundisha kwamba kutoa konea baada ya kufa ni halali na kwaweza kuwa tendo la upendo, mradi mtu asilazimishwe. Zawadi ya namna hiyo hutunzwa na aliyeipokea, na sisi tunaomzunguka tunamsaidia kuitunza.

Basi, viongozi wa jumuiya, mkisikia muumini aliyepandikizwa konea ana jicho jekundu, linalouma, linaloogopa mwanga au lenye ukungu, msimpe ushauri wa matone. Mchangieni nauli afike kwa daktari wa macho leo, si kesho. Wala asiache dawa zake, wala asiongeze, kabla hajaonwa.

Mtakatifu Lusia, msimamizi wa wenye magonjwa ya macho, utuombee.