Neno la Mwisho la Marehemu

Wazee wetu wengi wa Tenke waliletwa huku na kazi ya reli na migodi. Njia ya Dilolo ilikamilika mwaka 1931. Tangu hapo makaburi ya ukoo mmoja yametawanyika mbali mbali.

Ukitaka kujua babu alikufa lini, anza parokiani. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, yaagiza kila parokia iwe na kitabu cha marehemu. Kisha uwaulize wazee: nani alikuwa karibu naye siku ile? Kwani wosia wa babu zetu haukuandikwa, uliachwa masikioni mwa watu.

Lakini masikio husahau, na mengine husahau kwa kupenda, hata mjane akafukuzwa nyumbani mwake. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 yawapa watoto robo tatu ya urithi, na mjane naye ni mrithi.

Mzee Tobiti alipomwusia mwanawe Tobia, alianza na maziko yake, na heshima kwa mama. Fedha aliitaja mwisho.

Nawe ukiisha kuipata siku ya marehemu wako, mwombee Misa kwa jina lake.