Kiazi cha mwakani

Najua nimekuwa kimya, mitihani ilitubana. Naona hapa hosteli picha za Kitulo zinazunguka kwenye simu, maua uwanda mzima, na kila mtu anaandika "Bustani ya Mungu". Sibishi, ni nzuri. Ila mwenzenu nilikuwa Makete kwa mazoezi ya kufundisha, Julai mpaka Agosti, na Kitulo niliyoiona mimi haikuwa na hizo rangi. Nyasi kahawia, asubuhi sakitu nyeupe kama chumvi, kwingine moto umeacha majivu. Mita kama 2,600 juu ya bahari, jamani, vidole havishiki chaki.

Sasa hayo maua huwa yamekwenda wapi? Chukua okidi tu, ambazo pale zinafika aina 45. Siyo zile zinazoota juu ya miti, hizi ziko ardhini kwenye nyasi. Wakati wa kuchanua mmea una viazi viwili chini. Kimoja kinalisha shina na ua la mwaka huu, kinanywea mpaka kinakwisha. Pembeni yake mmea unajaza kingine, kigumu, cha mwakani. Mvua zikikatika majani yanakauka na hicho kipya kinabaki kimelala. Moto upite, sakitu ishuke, chenyewe kimefunikwa na udongo. Mvua zikirudi kinachipua. Kwa lugha yetu ya chuo: huyu hali bumu lote.

Na ikichanua inalisha wengine. Okidi za jamii ya Satyrium zina vimkia viwili nyuma ya ua, na nyingi huweka nekta humo. Nondo na nzi wanaifuata, na baadhi ya aina hutembelewa hata na ndege chozi. Wadudu wa nyasi hizo ndio chakula cha mbayuwayu wa buluu, ndege aliye hatarini duniani, anayekuja Kitulo kuzaliana msimu wa mvua kisha anahamia pande za Ziwa Victoria.

Kinachoishinda okidi ni jembe. Zambia viazi hivi vinapondwa na kupikwa na karanga, chakula kinaitwa chikanda, na kinapendwa kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba zaidi ya viazi milioni 2 kwa mwaka vilikuwa vikivuka mpaka kutoka Nyanda za Juu Kusini. Mwaka 2005 Kitulo ikawa hifadhi ya taifa. Lakini nyasi haziishii kwenye mpaka wa hifadhi, na njaa pia.

Habari ya viazi viwili nilielezwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, vizuri kuliko desa lolote. Anaijua kwa sababu kwao waliwahi kuchimba. Mnunuzi hataki kilichonywea, anataka kigumu. Yaani anataka cha mwakani.

Wala huwezi kusema basi tupande shambani kama viazi mviringo. Mbegu za okidi ni vumbi tupu, hazina akiba ya chakula ndani, mpaka zikutane na kuvu fulani wa kuzilisha udongoni. Na hapo ua linasubiriwa miaka.

Tukapiga hesabu na yule dogo. Mmea ukichimbwa, umeuza mara moja. Ukiachwa, kila mwaka kiazi kipya na mbegu juu. Akaniambia, "Hesabu naielewa mwalimu, ila daftari zinatakiwa Januari."

Jibu hilo halijanitoka. Naona anayetaka okidi zibaki lazima aje na kitu cha hiyo Januari: ajira za kuongoza wageni, mizinga ya nyuki, chochote kinacholipa kwa maua kubaki ardhini. Mahubiri peke yake hayanunui daftari.

Walimu wenzangu wa baiolojia, mkipangiwa kusini, somo la mimea kuhifadhi chakula lianzieni hapo, na muwaache wanafunzi waongee.

Haya, kesho kuna test ya Saikolojia. Tuko pamoja.