Fomu Moja, Vyuo Vingi

Nilimaliza kidato cha sita Sumbawanga mwaka 2004. Wakati huo kila chuo kilikuwa na fomu yake. Mjomba wangu wa Dar es Salaam alininunulia ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaitia kwenye bahasha ya kaki, akamkabidhi kondakta wa basi. Ya Sokoine ilibidi imsubiri mtu wa kupita Morogoro. Hapo bado picha za pasipoti, nakala za vyeti zenye muhuri wa hakimu na stakabadhi ya benki kwa kila chuo. Mtoto wa Dar aliweza kuomba popote alipotaka. Sisi wa mikoani tuliomba pale mfuko uliporuhusu.

Aliyeomba vingi naye alichaguliwa vingi. Jina lake lilitokea kwenye orodha mbili tatu, akaripoti chuo kimoja, nafasi nyingine zikabaki wazi ilhali wenzake wako nyumbani.

Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ikaanzisha udahili wa pamoja. Mdogo wangu aliombea palepale Sumbawanga, kwenye duka la intaneti karibu na stendi. Aliingiza namba yake ya mtihani, akapanga kozi kuanzia anayoitaka zaidi, akalipa ada mara moja. Mama alifurahi mpaka majibu yalipotoka: mwanawe kapangiwa kozi aliyoiweka mkiani, tena chuo cha mbali.

Hakuwa peke yake. Aprili 2017, akizindua mabweni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Rais Magufuli aliitaka TCU iache kuwachagulia wanafunzi vyuo. Kuanzia mwaka wa masomo 2017/2018, waombaji wakarudi kuomba moja kwa moja vyuoni.

Juzi nilikaa na mpwa wangu, simu mkononi, tukiomba. Kila chuo kina akaunti yake, nywila yake na ada yake. Bahasha ya kaki imekufa, gharama ya kuomba vingi imefufuka. Hata tatizo la jina kutokea mara mbili limerudi, ila sasa lina dawa: aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba ya siri ili athibitishe anakokwenda.

Kwa maoni yangu, tulichanganya mambo mawili: nani apokee fomu, na nani achague. Kilio kilikuwa juu ya la pili, tukafuta yote mawili. Fomu ingeweza kubaki moja na ada moja, kisha kila chuo kikachagua chenyewe. Jirani zetu wa Kenya hadi leo wana mfumo wa pamoja wa kuwapangia wanafunzi vyuo, na nao hawakosi manung'uniko.

Wewe unayeomba mwaka huu, usitawanye hela kwenye vyuo usivyovitaka. Soma sifa za kozi kabla ya kulipa, na ukichaguliwa zaidi ya kimoja, thibitisha mapema ili mwenzako apate nafasi unayoiacha.