Herufi A

Maumivu yalianzia kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Nilikuwa nimerudi nyumbani Geita baada ya kumaliza masomo ya darasani, na simu yangu imejaa sauti za wanawake 26 wanaoponda mawe ya dhahabu Nyarugusu na vijiji vya jirani. Kazi iliyobaki ilikuwa kuzigeuza sauti zile kuwa maandishi, neno kwa neno. Saa 1 ya mazungumzo ilinichukua saa 5 au 6 za kuchapa. Bila maandishi hayo hakuna sura ya nne ya tasnifu, na bila sura ya nne hakuna mahafali.

Mwanzoni nilipuuza. Asubuhi nilikuta kidole hakikunjiki vizuri, nikakinyoosha, nikaendelea. Baada ya wiki 3 maumivu yakashuka ubavuni mwa kiganja hadi kwenye kifundo cha mkono. Jioni moja nikashindwa kusonga ugali. Mama akauchukua mwiko mkononi mwangu, akasonga mwenyewe, hakusema kitu.

Mama aliponda mawe kwa miaka mingi. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye nyundo yake. Sasa mimi nimwambie nini? Kwamba nimekaa kivulini, kwenye kiti chenye mto, nabonyeza vitufe vya plastiki, na mikono inauma?

Mtaalamu wa fiziotherapia niliyekwenda kumwona alinitaka nichape mbele yake. Nikafungua laptopu yangu ndogo, nikachapa. Akatazama kwa muda, kisha akanishika kifundo. "Umeona? Viwiko viko huku nje, viganja umevibana huku katikati. Kwa hiyo kifundo kinapinda kuelekea kidole kidogo, na kinabaki kimepinda siku nzima." Akanishauri nitafute kibodi ya nje, ikiwezekana ile iliyogawanyika katikati, ili kila mkono ukae sawa na bega lake. Akaniambia pia, nikiipata, nisiisimamishe kwa vile vimiguu vya nyuma. Vinainua kibodi, na mkono nao unalazimika kuvunjika kwa juu. Tangu nijue kompyuta nimekuwa nikivisimamisha vile vimiguu, nikidhani ndiyo adabu ya kibodi.

Kibodi za namna hiyo si jambo jipya. Microsoft walitoa yao, Natural Keyboard, mwaka 1994, kabla sijazaliwa. Lakini steshenari zote nilizopita Geita mjini walinishangaa. "Iliyogawanyika? Yaani mbovu?" aliuliza kijana mmoja. Mtandaoni nilizipata nyingi na nzuri, ila bei ya ile niliyoipenda, ukijumlisha na usafiri, ilikaribia nusu ya ada yangu ya muhula.

Nilipokuwa nikitafuta, swali moja lilinisumbua: kwa nini kidole kidogo, tena cha kushoto? Nikachukua sentensi moja kutoka kwenye rasimu yangu: "Wachimbaji wadogo wanawake wa Geita wanaponda mawe." Nikahesabu. Herufi 44, na kati ya hizo A ni 12. Zaidi ya robo. Na A, kwenye kibodi tunayoitumia wote, hubonyezwa na kidole kidogo cha kushoto, kilicho dhaifu kuliko vyote.

Mpangilio huu wa herufi ulitoka Marekani, kwa Christopher Sholes na wenzake, na mashine za kuchapa zenye mpangilio huo zilianza kuuzwa na Remington miaka ya 1870. Waliozitengeneza walikuwa wakifikiria Kiingereza, ambako E ndiyo inayoongoza, na E ilipata kidole cha kati chenye nguvu. Hata August Dvorak, aliyesajili mpangilio wake mwaka 1936 akikusudia kuwapunguzia wachapaji kazi, aliiacha A palepale. Hakuna aliyefikiria lugha yenye wa- na ma- na ka-, ambayo vitenzi vyake vingi vinaishia na A. Sikuwa na wa kumlaumu. Ila nilifarijika kujua kwamba maumivu yangu yana hesabu.

Nilijaribu kuandika kwa sauti. Nilisikiliza mahojiano kwenye spika za masikioni, kisha nikayarudia kwa mdomo ili programu iandike. Kiswahili changu iliandika vizuri. Lakini wanawake wale huanza sentensi kwa Kiswahili na kuimalizia kwa Kisukuma, na hapo programu ilibuni maneno yake. Nilipojikuta narekebisha kila mstari kwa kidole kilekile, nikaacha.

Aliyenisaidia ni fundi wa kompyuta wa Katoro, mwenye kibanda kilichojaa vifaa vya mtumba. Nilimwonyesha picha ya kibodi ninayoitaka. Akaitazama, akaniuliza bei, akacheka. "Dada, unatafuta iliyokatwa ya nini? Chukua mbili." Akatoa kibodi 2 kuukuu, akazichomeka zote kwenye laptopu yangu, moja kushoto, nyingine kulia. Akabonyeza Shift ya hii na herufi ya ile. Herufi kubwa ikatokea. Zote mbili nilizilipia shilingi 16,000.

Nyumbani nilizitenganisha kwa upana wa mabega, nikavikunja vimiguu vyake. Kisha nikashusha PowerToys, programu ya bure ya Windows, nikakifanya kitufe cha Alt cha kushoto kiandike A, ili kazi hiyo ichukuliwe na kidole gumba. Kwa kuwa kidole kidogo kiliendelea kukimbilia mahali pake pa zamani, nikakizima kabisa kile kitufe cha A. Wiki ya kwanza nilikuwa naandika "wnwke wnpond mwe". Mama alipita, akasimama mlangoni.

"Hizo mbili za nini?"

"Moja ya mkono huu, moja ya mkono huu."

Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Mwezi wa pili kasi yangu ilirudi. Maumivu hayajaisha. Yamepungua kiasi cha kuniwezesha kuchapa dakika 40, nikapumzika, nikarudi. Na nilipokuwa naendelea kuchapa ndipo nilipogundua kitu ambacho sikukitarajia. Dodoso langu lilikuwa na maswali 31. Niliuliza mtaji, bei ya mfuko wa mawe, foleni ya karasha, zebaki, nani anashika hela nyumbani. Katika mahojiano 26 sikumwuliza hata mmoja kuhusu mikono yake.

Msimamizi wangu aliniruhusu kurudi. Nikaanza na mama mmoja wa Nyarugusu, wa miaka hamsini na kitu. Nilimkuta amekaa chini ya turubai, mguu mmoja ameunyoosha, mawe yako mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umerudi tena? Mlisahau nini?"

Nikamwambia nimesahau kuuliza kama mikono inauma. Akacheka, akawageukia wenzake, akawaambia kwa Kisukuma, nao wakacheka. Kisha akanionyesha nyundo. Mpini wake ulikuwa umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli. "Mpini mtupu unakurudishia pigo lote," alisema. "Na usiikamate sana. Ukiikamata sana, wewe ndiye unayepondwa." Usiku mkono wake wa kulia hufa ganzi. Anaamka, anautikisa, anauning'iniza nje ya kitanda hadi damu irudi. Nikamwuliza kama amewahi kwenda hospitali kwa ajili hiyo.

"Nikasemeje? Mkono umechoka?"

Sikuwa na cha kumpa. Mimi nilikuwa nimepata kibodi ya pili kwa shilingi 8,000. Yeye hana cha kugawanya. Nilimweleza alichonieleza mtaalamu kuhusu kupumzika kila baada ya muda. Akanisikiliza kwa heshima, akanyanyua nyundo.

Jioni ile nilimkuta Mama uani anachambua mchele. Nikakaa kando yake, nikasaidia kwa mkono wa kulia. Nimemhoji kila mtu wa kazi yake isipokuwa yeye. Nikamwuliza kama nilivyouliza Nyarugusu, bila simu ya kurekodi.

Hakuinua uso kutoka kwenye ungo.

"Huu wa kulia," alisema. "Tangu uko kidato cha pili."