Mafuta ya Wamama na Ngozi ya Mgonjwa wa Kansere

Kwetu Katanga, tangu zamani za mababu, kupakaa mafuta haikuwa kazi ya urembo tu. Mtoto akizaliwa, wamama walimwosha, wakamnyoosha mikono na miguu, wakampakaa mafuta mwili mzima. Kwa Waluba na kwa Wabemba, mti mwekundu wa mukula ulisagwa mpaka ukawa unga. Unga ule ndio nkula, nao ulichanganywa na mafuta kwa siku za mila. Mtu akionekana na ngozi kavu yenye kupasuka, wazee waliulizana: "Huyu hana ndugu?" Ngozi yenye mafuta ilionyesha kwamba mtu yule ana watu wake.

Ndugu msomaji, tunakumbusha mambo haya juu ya wagonjwa wa kansere, zaidi wamama wenye kansere ya titi. Wengi wao, kisha operesheni, wanapashwa kupita chini ya mashine ya miali. Miali inaua mabaki ya ugonjwa, lakini njia yake inapita kwenye ngozi. Kisha juma mbili ao tatu ngozi inaanza kuwasha, inauma, inabambuka, na mahali pa jasho, kama kwapani na chini ya titi, inaweza kutoa maji. Vitabu vingi vinasema ngozi "inakuwa nyekundu". Kwetu sisi weusi wekundu ule hauonekani sana. Ngozi inazidi kuwa nyeusi. Mwenye kungojea wekundu atachelewa kusaidia.

Miali hii si mgeni kwetu. Radiamu iligunduliwa Paris mwaka 1898. Mwaka 1901 mwanasayansi Becquerel alitembea na kichupa cha radiamu katika mfuko wa koti, ikamchoma ngozi. Ndiyo kusema swala la ngozi lina umri sawa na dawa yenyewe. Mwaka 1915 madini ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yakajulikana. Tangu mwaka 1922 kiwanda cha Union Minière kule Olen, Ubelgiji, kilitoa ndani yake radiamu ambayo hospitali za Ulaya zilitibia kansere. Udongo wetu ulisaidia wagonjwa wa mbali. Lakini wagonjwa wa kwetu, miaka mingi, walipashwa kutafuta matibabu hayo inje ya inchi: wenye uwezo walikwenda Afrika ya Kusini ao India, wengine walivuka Kasumbalesa mpaka Lusaka, ambako hospitali ya kansere ilifunguliwa mwaka 2007.

Mama akirudi nyumbani na ngozi yenye kuungua, maneno yanaanza. Shangazi analeta mafuta ya mawese. Jirani anakata aloe ya kwenye lupango. Mwingine anasema asali. Muuguzi naye alisema: "Mama, usipakae kitu!" Tumesikia mgonjwa mmoja akijibu: "Ngozi inaniwaka usiku muzima, na munaniambia nisipakae kitu?" Nani mwenye haki? Sisi tunaona kwamba jibu halitatoka katika kubishana. Litatoka katika kupima.

Tutoe mfano wa Lyon, Ufaransa. Kuko ua la manjano la bustani, kalendula, ambalo Wafaransa wanaliita souci, jina lenye kumaanisha pia mahangaiko. Wabibi wa Ulaya walilitumia juu ya ngozi yenye kuumia, sawa wabibi wetu na majani yao. Waganga wa kule hawakulicheka, na hawakuliamini bure. Walichukua wagonjwa 254 wa kansere ya titi wenye kupewa miali, wakawagawanya kwa kura: wamoja walipakaa pomadi ya kalendula, wengine krema ya kawaida ya hospitali. Matokeo yalitoka mwaka 2004. Wenye kuumia ngozi kwa kiasi kikubwa walikuwa 41 kwa mia upande wa kalendula, na 63 kwa mia upande wa krema. Wa kalendula walisikia maumivu kidogo zaidi, na wachache zaidi walisimamisha matibabu. Jambo hili la mwisho ni kubwa: miali ikikatwakatwa, kansere inapata nafasi ya kujijenga tena. Wagonjwa walisema pia kwamba pomadi ile ilikuwa nguvu kupakaa, na neno lao liliandikwa.

Lakini tusipige vigelegele mapema. Mwaka 2013, kule Sweden, kalendula ilipimwa tena kwa wagonjwa zaidi ya 400, pembeni ya krema nyingine, na hawakuona tofauti. Aloe nayo, ambayo wengi wetu tunaiamini, ilipimwa Marekani kwa wamama 194. Jeli ya aloe na jeli isiyokuwa na dawa zikatoa matokeo karibu sawa, mwaka 1996. Hata sheria za hospitali zenyewe zilipimwa. Zamani wagonjwa walikatazwa kuosha mahali pa miali. Utafiti wa Uingereza mwaka 1992 na wa Kanada mwaka 2001 ulionyesha kwamba kuosha polepole hakuzidishi kidonda. Basi hata muuguzi anaweza kukataza jambo lisilo na hatari.

Wazee wetu nao walipima, tusiwaone kama watu wa kubahatisha. Kasoro ni kwamba dawa iliyoshindwa haikuandikwa mahali. Mwenye kupona alisimulia. Mwenye kuzidiwa alinyamaza.

Kuko jambo lingine ambalo Wazungu walilijua kwa kuchelewa. Mwaka 1993 watafiti wa kansere wa Ulaya walitoa karatasi ya maswali 30 ya kumuuliza mgonjwa mwenyewe: unalala? unasikia uchovu? ugonjwa umeharibu maisha ya jamaa? umekuletea shida ya franga? Mbele ya pale waganga walipima zaidi ukubwa wa uvimbe na hesabu ya miezi. Kwetu swali la kwanza la asubuhi ni hili: "Mulilala, mama?" Na mama anajibu kweli. Inafaa tulinde swali lile, kwa sababu mgonjwa asiyelala, asiyeweza kuvaa, asiyekwenda misa kwa kuogopa harufu ya kidonda, anaishi nusu.

Basi tufanye nini leo? Mgonjwa aoshe ngozi kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, akaushe bila kusugua, avae kitambaa cha pamba kisichobana. Kidonda kilicho wazi kisiwekwe majivu, chumvi wala majani ya kusaga. Mafuta mazito yasipakaliwe saa ya kuingia kwenye mashine. Krema za kujichubua ziwekwe mbali kabisa. Na kila kitu cha nyumbani, muuguzi aambiwe bila haya. Muuguzi naye asikilize bila kutukana. Hakuna majani kati ya haya yenye kuponya kansere. Mwenye kuacha matibabu juu ya majani anacheza na maisha yake.

Kwa jumuiya yetu tunatoa ombi moja. Tuwaulize wamama wazee walipakaa nini juu ya ngozi yenye kuungua: mti gani, sehemu gani, kiasi gani, na lini ilishindwa. Tuandike, tupeleke kwa wenye kusomea dawa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Tusichelewe. Miaka ya 2010 mikula mingi ya Katanga ilikatwa ikapelekwa Uchina kwa kutengeneza viti na meza. Mti ukiisha kabla ya kupimwa, hatutajua tena kama nkula ilikuwa dawa ao rangi tu.

Na wakati tunangojea majibu, mkono wa ndugu usiondoke. Anayeweza kumsaidia mgonjwa kuoga asubuhi, amsaidie.