Mji Uliofukuliwa kwa Sepetu

Katika jimbo la North Carolina, huko Marekani, uko mji mdogo uitwao Marshall. Nyuma ya maduka yake ni mlima uliosimama kama ukuta, na mbele yake wapita mto French Broad. Mwaka 2025 nilijaliwa kufika huko, na habari zake zafaa kusimuliwa, hasa kwetu sisi tunaolima mitelemkoni.

Kwa desturi tufani ni msiba wa watu wa pwani. Lakini ile iliyoitwa Helene ilipiga pwani ya Florida usiku wa tarehe 26 Septemba 2024, ikashika njia ya bara, na kesho yake ikafika milimani. Ardhi ilikuwa imekwisha kulowa kwa mvua iliyotangulia. Tena, hewa yenye mvuke ikipandishwa na mlima hupoa, ikamwaga maji yake. Mahali paitwapo Busick palipimwa mvua ya inchi 30 na zaidi kwa muda wa siku chache. Udongo ukaporomoka mahali zaidi ya 2,000. Huko Asheville, mji ulio juu ya Marshall kwenye mto huo huo, maji yalipita alama ya gharika kuu ya mwaka 1916. Katika North Carolina peke yake watu zaidi ya 100 walikufa.

Barabara zilikatika, simu zikanyamaza, umeme ukazimika. Serikali ilipeleka helikopta na askari, lakini katika mabonde mengi mkono wa kwanza kufika ulikuwa wa jirani. Wenye misumeno walikata miti iliyoziba njia, na wenye visima waligawa maji. Makanisa na vituo vya wazima moto viligeuka ghala za chakula. Palipokuwa hapapitiki kwa gari, watu waliwapakia nyumbu, wale wana wa punda na farasi, dawa na chakula, wakapanda nao mlimani. Nao watu wa Asheville walikaa siku 53 bila maji safi ya mfereji, hata tarehe 18 Novemba, kwa kuwa mabomba makubwa yalichukuliwa na gharika na bwawa lao likachafuka kwa udongo.

Pale Marshall matope yaliingia madukani. Wenyeji pamoja na watu waliotoka mbali walishika sepetu na ndoo, wakayatoa juma baada ya juma. Nilipopita, baadhi ya milango ilikuwa imefunguliwa tena, na mingine ingali imefungwa.

Hata hivyo, kazi ya sepetu si ngumu kuliko shauri lililobaki. Wengi hawakuwa na bima ya gharika. Je, mtu ajenge tena pale pale alipozaliwa, au ahame? Maji hufuata mkondo, na mto ule umekwisha kuja mjini zaidi ya mara moja. Wako waliohama, na wako waliobaki. Wala sikuweza kumlaumu yeyote katika hao.

Basi, msomaji, kabla ya masika hayajaingia, tazama nyumba yako imekaa wapi, na maji yatapita wapi. Kisha nenda ukamjulie hali jirani yako. Siku barabara itakapokatika, yeye ndiye atakayekufikia kwa miguu.